Kliniki Yahamia Siku ya Gari

Mwezi uliopita, kwenye zahanati moja wilayani Ileje, nilimsikia mtafiti akimuuliza mama aliyetoka kijiji cha Mbebe na mtoto mgongoni, “Mama, kwa nini wenzako hawaleti watoto kliniki? Ni imani za jadi?”

Mama akacheka mpaka akaziba mdomo. “Mwanangu, kliniki ni Jumanne. Gari letu linashuka Alhamisi tu, siku ya soko. Mimi nimetembea tangu alfajiri.”

Mtafiti akafunga fomu yake, akamgeukia muuguzi. “Dada, hamwezi kuihamishia Alhamisi?”

“Tunaweza,” muuguzi akasema. “Hakuna aliyewahi kutuomba.”

Alhamisi hii nimepita tena. Mabenchi yamejaa, watoto wanalia kwa zamu, muuguzi anaazima viti huku akicheka. Miaka yote tumewaita akina mama hawa wagumu kuelewa, kumbe walikosa gari la Jumanne tu.