Pikipiki ya Harelimana

Hakuna kitu kilichoingia uani kwa Mama Domitille, pale Katindo, mjini Goma, bila yeye kukitazama mara mbili. Alikuwa akiuza makala, yaani makaa ya kupikia, mbele ya lango, na tangu afiwe na mumewe, ufunguo wa lango aliufunga kwenye pindo la kitenge chake. Basi siku mwanawe Mirindi aliposukuma ndani pikipiki kuukuu kutoka Kalengera, aliizunguka kama mtu anayeuziwa mbuzi mgonjwa.

"Hii ni pikipiki ao ni maiti?"

"Mama, acha niipake rangi kwanza. Utaniomba nikupeleke misa nayo."

Mirindi alitaka kuanza kubeba abiria upesi, maana kazi nyingine hakuwa nayo. Akaisugua kwa msasa. Chini ya rangi nyekundu ikatokea bluu, na chini ya bluu jina lililoandikwa kwa mkono kwenye tanki: HARELIMANA. Akalisugua mpaka bati likang'aa.

"Ni nani huyo?" Domitille akauliza.

"Bwana wa yule mama aliniuzisha."

"Alikufa?"

"Sikuuliza."

Domitille akachukua simu ya mwanawe, akampigia yule mama, Nyirarukundo jina lake. Nyirarukundo hakuficha kitu. Bwana wake alitoka asubuhi kwenda Kibati. Pikipiki ikakutwa kando ya barabara, imeegeshwa vizuri, injini ingali inanguruma. Yeye mwenyewe hakuonekana tena.

"Na matanga mulifanya?"

"Tungelilia nani, mama? Mwili hatukuuona. Tunamungojea tu."

Domitille akarudisha simu. Kwao, upande wa Bukavu, vitu vya marehemu havigawiwi mpaka matanga yaishe. Ndipo mwenyewe anaviachilia. Huyu hakuliliwa. Hakuna aliyemwambia kwamba pikipiki si yake tena.

"Irudishe, Mirindi."

"Mama, wewe unaogopa hata mvuke wa sufuria!"

Akaipaka rangi ya mwisho, kijani, ikiwa imekwisha kuunganishwa yote, kisha akaingia ndani kula. Mlima wa volkano ulikuwa ukitoa moshi tangu alfajiri. Siku kama hiyo hakuna mtu wa Goma anayepaka rangi nje, lakini Mirindi alikuwa na haraka. Punde majivu yakaanza kuanguka, laini, bila sauti. Domitille alikuwa jikoni, mlango wazi, macho uani. Hakuona mtu. Lango lilikuwa limefungwa.

Majivu yalipokoma, Mirindi akatoka, akashika kichwa. Rangi mbichi ilikuwa imeyanasa yote, tanki limekuwa jeusi kama sufuria ya kuni. Ila mahali pawili, kulia na kushoto, kijani kiling'aa safi. Pale mwendeshaji anapobana magoti yake.

"Ni upepo," alisema Mirindi. Lakini hakusogea.

Domitille ndiye aliyesogea. Kiti nacho hakikuwa na majivu. Aliweka kiganja karibu, bila kugusa, akasikia joto.

"Papa Harelimana," akasema kwa sauti ndogo, kama anayemwamsha mgeni. "Pole sana. Bibi yako aliiuza. Shuka, papa. Mutoto wangu naye anatafuta maisha."

Springi za nyuma zikapanda taratibu, zikilia, kama zinavyopanda mtu mzito anaposhuka. Mirindi akamshika mama yake mkono. Wakatazama chini. Kutoka kwenye pikipiki hadi langoni majivu yalilala sawasawa, hayana alama ya mguu.

"Ameenda?"

Domitille akapapasa ufunguo kwenye pindo la kitenge chake.

Usiku hakumkataza tena. Alimjua mwanawe, angeipanda tu. Asubuhi Mirindi alipoiwasha, alimkuta mama yake amesimama kando, amekaza kitenge kiunoni. Maisha yake yote Domitille alikuwa hajapanda pikipiki.

"Mama, unaenda wapi?"

"Kule unaenda."

"Na makala?"

"Itaningojea. Sogea mbele."

Akapanda nyuma yake, akamkumbatia kiuno, akajibana mgongoni mwake pasibaki nafasi katikati yao. Kiti kikashuka kwa uzito wake.

Kisha, nyuma yake, kikashuka tena kidogo.