Kilo Sabini za Mjomba

Haya ninayoandika hakuna atakayeyaamini. Hata mimi nisingeyaamini, kama si makalio yangu yaliyokaa nyuma ya pikipiki ile kilomita mia tatu na arobaini.

Mwendeshaji alikuwa mpwa wangu, binti wa dada yangu, fundi tunayemwita Spana kwa sababu haachi kitu kimelegea. Miaka minne alikuwa kibarua kwenye duka la pikipiki. Siku moja likaletewa pikipiki za aina mpya, ndogo, zenye miguu mirefu, za kwenda popote, lami au mashimo. Meneja akamwambia, "Ijaribu safari ndefu, uniletee ripoti. Ripoti ikisimama, nakuajiri."

Kwa kawaida yao, pikipiki ya majaribio hufungiwa kwenye siti ya nyuma gunia la mchanga la kilo sabini, badala ya abiria. Hapo ndipo nilipojitosa.

"Mchanga wa nini na mimi nipo? Mchanga haupigi hadithi njiani."

"Una kilo ngapi, Mjomba?"

"Sabini kavu."

Akalitazama tumbo langu, akacheka, akaandika sabini. Mtu akimwamini mjomba wake, utamlaumu?

Kwenye lami iliteleza kama ulimi wa dalali. Kila kituo Spana aliandika: mafuta yaliyotumika, breki, usukani unavyotetemeka kasi ikipita themanini. Tulipoingia kwenye changarawe kitu kikaanza kulia chini yangu.

"Ni mgongo wangu huo," nikasema.

"Mgongo wako ni wa chuma?"

Akasimama, akachuchumaa. Fremu ilikuwa imepasuka chini ya siti, pale ilipochomelewa. Akapangusa vumbi kwa kidole.

"Ona, ndani pana kutu. Ufa huu ni wa zamani. Wameupaka rangi juu."

Akaifunga fremu kwa mpira wa tyubu, akairudisha taratibu peke yake. Mimi nilirudi kwa lori la saruji.

Meneja alisoma kurasa zote tatu mbele yetu. Juu ya kutu hakusema neno. Alinitazama mimi.

"Abiria ndiye huyu? Mzee, hebu panda hapa."

Ilikuwa mizani ya kupimia vipuri. Tisini na sita.

"Umezidisha kilo ishirini na sita," akamwambia Spana, "halafu ukaandika uongo. Ripoti haisimami."

Kazi akapewa kijana mwingine aliyezunguka na gunia lake kwenye lami tupu, asubuhi moja. Pikipiki zinauzwa. Nikimwona mtu amempakia mkewe nyuma, naangalia pembeni. Spana anaziba pancha kando ya barabara, na wateja humuuliza fundi mwenyewe yuko wapi.

Lakini msidhani nilinyamaza siku ile. Nilishuka kwenye mizani, nikaipiga meza ya meneja ngumi mpaka kalamu zikaruka, nikamwambia, "Niliyedanganya ni mimi, huyu binti hana..."

"Mjomba." Spana yuko nyuma yangu, mikono imejaa gundi, anasoma haya ninayoandika. "Ulisema mizani yao mbovu, ukatoka nje. Niliyebaki mle ndani ni mimi."