Sitini Kati ya Mia Mbili na Ishirini

Miaka ya tisini, nikiwa kidato cha tano, nilijiona najua kila kitu. Nikarudi likizo kijijini kwetu, nje kidogo ya Kasulu, nikakuta mama yangu anaitwa mwizi.

Kisa kilikuwa bonde. Kila kiangazi kikundi cha wanawake kumi na wawili, wawili wawili kutoka nyumba sita, kiligawana vipande kumi na viwili vya kulima maharage. Vitatu vilikuwa kando ya chemchemi, na huko maharage hayakauki hata jua liwake vipi. Vilivyobaki ni kubahatisha. Mwaka huo waligawana kwa kura. Mama, kwa kuwa mwandiko wake unasomeka, aliandika namba kwenye vikaratasi, akashika kikapu wenzake waokote, yeye akachukua cha mwisho. Shangazi yangu, dada yake baba, ambaye tulikaa naye nyumba moja, alipata kipande cha kwanza. Mama akapata cha tatu. Vyote vya chemchemini.

Maneno yakaanza hapo hapo. Jirani yetu mmoja, mwenye ulimi wa pilipili, akasema mama alificha kikaratasi kwenye pindo la kitenge. "Nyumba moja, vipande viwili? Bahati gani hiyo isiyojua kugawa?" Wengine wakaitikia kwamba lisemwalo lipo. Kikundi kingekaa Jumapili baada ya ibada: ama mama asafishwe, ama anyang'anywe kipande na kutolewa kikundini. Ada yangu ilitoka kwenye maharage hayo, lakini mimi, kwa ujinga wangu, niliogopa aibu zaidi.

Jumamosi mchana nilikaa barazani na daftari. Wa kwanza kupata chemchemi anaweza kuwa yeyote kati ya kumi na wawili, wa pili kati ya kumi na mmoja, wa tatu kati ya kumi: 1320. Ila watatu wale wale hupangika kwa namna sita, na nani kapata kipi si neno; gawa kwa sita, 220. Sasa sisi: mama, shangazi, na yeyote katika kumi waliobaki. Njia kumi tu. Moja kati ya ishirini na mbili. Nikairudia hesabu, ikatoka ile ile.

Kisha nikajiuliza, kwani ingekuwa nyumba nyingine wasingesema? Wangesema vile vile. Nyumba ziko sita, na kila moja ina njia zake kumi. Sitini kati ya 220, zaidi ya robo! Kura ni ile ile, vikaratasi ni vile vile, na kioja cha kijiji kizima kikawa jambo la kutokea karibu kila mwaka wa nne. Sijawahi kustaajabu namna ile, hata kanisani.

Jumapili sikuwaandikia namba. Nilitia bakulini maharage kumi na mawili ya rangi sita, mawili mawili, nikamwomba jirani afumbe macho atoe matatu. Mara mbili za kwanza, rangi mbalimbali. Ya tatu, mekundu mawili. Wanawake wakasogea. Hakuamini, akarudisha, akatoa tena na tena. Mara ya sita, ya njano mawili. Akayatazama kiganjani.

"Na haya yalijificha kwenye kitenge cha nani?" akasema, kwa sauti ya chini.

Wakacheka, mama akabaki na kipande chake. Niliwaambia hesabu haiingii moyoni mwa mtu; inasema tu kwamba bahati peke yake yatosha.

Njiani nilipayuka mimi, sitini hivi, mia mbili na ishirini vile. Shangazi alikuwa ametangulia. Mama alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Mwana wanje," akaniita kwa Kiha chetu, yaani mwanangu, "jana nilikuwa nachambua mboga hatua tatu kutoka ulipokaa."

"Ndiyo, mama."

"Ulihesabu kabla hujaniuliza."