Kichwa cha Nguzo ya Saba

Watu wa Kariakoo wakiniona nachechemea huuliza, "Fundi, bodaboda hiyo?" Nawajibu, "Hapana, kanisa." Wanacheka mpaka wanashikana mabega. Mtu wa kofia na kanzu, avunjwe mguu na kanisa! Lakini ndiyo hivyo. Na aliyenivunja si kanisa, ni msimamizi wa kazi, mrefu, mwenye pengo mbele na masikio kama milango ya teksi iliyoachwa wazi. Jina lake silitaji, ana watoto. Sura yake nilishaiandika kwa saruji.

Kanisa lenyewe liko upande wa Posta, la zamani, la matumbawe na chokaa. Nyuma yake kuna ua wa mraba, umezungukwa na baraza pande zote nne, na baraza imebebwa na nguzo nyembamba kama shingo za twiga. Matao yake yamechongoka juu. Sisi dua tunaomba viganja wazi. Yale matao yameomba viganja vimekutana. Dari limetoka mbavu kama samaki ng'onda aliyepasuliwa. Milizamu ya kumwagia maji ya mvua ina vichwa vya simba, na ukutani, pale matao yanapoanzia, kuna sura za watu, mmoja kavimba shavu kama ana jino bovu. Mimi nimerithi uashi kwa babu, nimepiga nakshi misikiti mingi, lakini siku ya kwanza mle nilisahau hata kufungua mfuko wa zana.

Nilianguka Ramadhani. Nilikuwa juu ya jukwaa, naziba nyufa za ubavu wa dari. Asubuhi ile msimamizi aling'oa mirunda miwili, nguzo za miti zilizoshika jukwaa upande wa ukutani, akaipakia kwenye kirikuu kwenda Kigamboni, anakojenga nyumba yake. Mimi nilikuwa bado sijafika. Wenzangu waliona. Nani aseme? Kila mtu ana watoto. Adhuhuri jukwaa likainama kama linanisalimia, nikashuka nalo. Mguu mara mbili, mbavu tatu.

Kwenye daftari la kazi msimamizi akaandika: "Fundi alianguka kwa kizunguzungu cha swaumu."

Maneno hayo yaliniuma kuliko mguu. Nimefunga tangu nina miaka tisa, sijawahi kuanguka hata kwenye kigoda. Tena hayakuniishia mimi. Mafundi waliofunga waliambiwa warudi baada ya Idi, eti ni hatari. Nimelala na plasta mpaka kinenani, wenzangu wanakuja kuniona wakiwa hawana kazi, kwa ajili ya kizunguzungu nisichokuwa nacho. Nilitaka jambo moja tu: maneno yale yafutwe.

Nilipoweza kusimama, padre wa pale, mzee mnene wa bara anayeniita shehe wangu, akanipa kazi ya kukaa chini. Nikapewa karatasi ya msanifu. Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini kusoma nasoma: "Kichwa cha nguzo ya saba kimevunjika. Kitengenezwe kipya."

Sasa, kwetu waashi, ile sehemu ya juu ya nguzo ni taji. Kichwa ni kichwa. Na sura za watu si zimejaa mle? Nikaona kumbe kuna mwenzao kakosekana.

Nyumbani mke wangu alishika kiuno. "Mume wangu, sura ya binadamu? Siku ya kiyama utaambiwa uitie roho. Utaitoa wapi?"

"Huyu nikiambiwa nimtie roho, nitaomba nzuri kuliko ile ya kwanza."

"Huyu nani?"

Sikujibu. Nilitafuta sura siku mbili, ikanijia moja tu. Nikafinyanga masikio, nikachonga pengo, na begani nikamtwisha mrunda. Mafundi wakakipandisha kichwa juu ya nguzo kimefunikwa gunia.

Padre alikuja mwenyewe kukifunua. Akatazama juu muda mrefu.

"Shehe wangu, mimi niliomba majani."

"Majani gani, Baba?"

"Nguzo zote zina majani juu. Angalia."

Nikaangalia. Kweli, majani matupu, kila nguzo.

"Imeandikwa kichwa, Baba."

"Kichwa cha nguzo!"

"Ndiyo. Na mimi nimeiwekea nguzo kichwa."

Alicheka mpaka akaikumbatia nguzo ya sita. Kisha akatazama tena. "Mbona huyu namjua? Na gogo hili la nini?"

Kabla sijafungua mdomo, msimamizi akatokea na mafundi nyuma yake. Akainua macho. Masikio yakakutana na masikio.

"Utani gani huu? Huyo si mimi!"

"Nani kasema ni wewe?" padre akauliza.

"Si masikio hayo! Ananichafua tu! Mirunda yenyewe ilikuwa miwili, na niliirudisha kesho yake!"

Fundi rangi akasema polepole, "Toba."

"Mirunda ipi?" akauliza padre.

Daftari likaletwa palepale. Padre alimfutisha maneno yake kwa mkono wake, akamwandikisha mengine: jukwaa lilianguka kwa sababu msimamizi aliondoa mirunda. Nilimwomba karani aliyelileta anisomee kwa sauti mara mbili. Mara ya kwanza kwa mguu, mara ya pili kwa swaumu.

Kichwa kilishushwa, nikatengeneza majani. Yale ya zamani ni ya mti wa huko Ulaya, mimi siujui, nikaweka kisamvu. Msanifu hajagundua. Kichwa mke wangu alikikataa nyumbani, malaika hawataingia. Padre akakiweka pembeni ya ua, chini ya mlizamu, na mvua ikinyesha simba anamtemea sikioni.

Mimi sijamsamehe, nasema kweli. Mguu ukipigwa na baridi ya masika namkumbuka kwa jina kamili. Lakini Ramadhani iliyofuata tuliitwa kazini sote, tuliofunga na wasiofunga. Nikapanda jukwaa na kiu yangu, baada ya kuutikisa mrunda mmoja mmoja.