Spika Juu ya Kreti za Soda

Ungempelekea Baba Pacha kazi ya kabati Jumatatu akakwambia Ijumaa, basi Ijumaa hiyo kabati lingekuwa limesimama nje ya karakana, limepigwa vanishi, mlango unafunga bila kulia. Hakuna mteja aliyewahi kumwita mwongo. Uongo wake aliuweka nyumbani, na aliyeujua alikuwa mtu mmoja tu: mkewe, Mama Pacha, ambaye spika zake mbili zilikuwa zimekaa juu ya kreti za soda kwa miaka thelathini na moja zikisubiri stendi.

"Kesho," alimwambia mkewe pacha walipokuwa tumboni. Akamwambia kesho pacha walipoanza shule, na kesho tena pacha wote wawili walipoolewa ndani ya mwezi mmoja na kuiacha nyumba imenyamaza. Mganga hajigangi, jamani. Hata stuli ya jikoni kwake ilikuwa na mguu mmoja mfupi, umewekewa kifuniko cha chupa.

Spika zenyewe hazikuwa za mchezo. Ujanani Mama Pacha alikuwa mkata tiketi kwenye jumba la sinema, ndani ya kibanda chenye kidirisha cha kupitisha mkono tu. Jumba lilipofungwa, meneja aliwaambia wafanyakazi kila mtu achukue anachoweza kubeba kabla jengo halijabomolewa. Mmoja alichukua mapazia, mwingine viti vinne vilivyoungana. Mama Pacha, ambaye ndoo iliyojaa humshinda, akachukua spika mbili. Kila moja ilikuwa sanduku la mbao lililokaribia kiuno cha mtu mzima, uzito wake mfuko mmoja na nusu wa saruji. Chini lilikuwa na duara la karatasi nyeusi pana kama sinia, na juu mdomo wa chuma uliopanuka kama wa tarumbeta. Zilifika nyumbani kwa mkokoteni, na msukuma mkokoteni akaapa hatakanyaga tena mtaa ule.

Kwa nini spika? Kwa sababu ya santuri moja, ambayo nayo alitoka nayo kwenye mkoba. Kabla ya kila filamu, ukumbini walipiga wimbo uleule wa dansi. Katikati ya wimbo bendi nzima hunyamaza, na mtu mmoja anagonga kichuma cha pembetatu mara saba, mlio mwembamba kama uzi. Mlio wa saba ukiisha, Mama Pacha alifunga kidirisha: filamu iko karibu kuanza. Na kila Jumamosi alikuwapo kijana mmoja seremala, vumbi la mbao nyweleni, anayefika anahema wakati kidirisha kinafungwa.

"Nifungulie kidogo, dada," alikuwa akisema.

Akafunguliwa. Akafunguliwa hata baada ya meneja kukataza. Ndiyo asili ya hao pacha, kama ulikuwa hujui.

Basi mwaka huu mambo mawili yalifuatana. La kwanza, daktari wa masikio alimwambia Mama Pacha kwamba masikio yake yanachoka, na kwamba sauti nyembamba ndizo hutangulia kuondoka. "Nzito zitabaki, mama. Nyembamba bado unazipata, lakini sitakudanganya, hazitakaa sana." Kisha akamgeukia mume. "Na wewe mzee, hebu nikupime. Uko kwenye mashine za mbao miaka mingapi?"

Baba Pacha akacheka. "Arobaini. Lakini mimi masikio yangu mazima, daktari. Nasikia mpaka umbea wa mtaa wa pili."

La pili lilikuwa magoti. Jumatano moja mchana alirudi kula, akamkuta mkewe kwenye kiti chake kifupi mbele ya spika. Santuri ilikuwa imekwisha inazunguka bure, na macho ya mama yalikuwa mekundu. Alikuwa ameshindwa kuinuka.

"Nimekuita mara tatu," alisema. "Ulikuwa hapo nje unaegesha baiskeli."

"Hukuniita."

"Nimekuita, Fundi."

Fundi! Hapo akajua ana kesi. Mama Pacha alimwita Fundi akiwa amekasirika tu, kwa sauti ya mteja aliyeletewa kitanda kibovu. Alimshika mikono, akamwinua, akampangusa gauni mgongoni ingawa halikuwa na vumbi.

"Sikuombi kingine," mkewe alisema. "Nataka kuisikia ile pembetatu vizuri, mara moja, nimekaa kwenye kiti cha binadamu, kabla haijaniaga. Nitengenezee stendi, Fundi."

Mtu mwenye akili angeinamisha kichwa. Yeye akaleta utetezi wake wa siku zote. "Usiseme sikufanyii kazi, Mama Pacha. Hicho kiti ni nani alikikata miguu? Ulikileta karakana asubuhi, kabla chai haijapoa nilikuwa nimemaliza!"

Utetezi huo mkewe alikuwa ameusikia miaka ishirini na sita, na hakuwahi kuujibu hata mara moja.

Safari hii kesho ilifika kweli. Lakini fundi ni mtu, na mtu hupenda njia ya mkato. Kwanza Baba Pacha alileta meza ya televisheni iliyoachwa karakana na mteja aliyehama. Akamwita makanika, jirani yake wa kazini, wakanyanyua spika moja na kuipandisha. Meza ikaguna, ikabonyea katikati, wakaiwahi spika kabla haijaenda chini. Siku ya pili akajaribu madawati ya shule. Moja likachanua miguu pale pale.

"Mzee," makanika alisema, mikono kiunoni, "hizi ni spika au injini za lori? Mtengenezee mama stendi tupone wote."

Akakubali yaishe. Nyuma ya karakana alikuwa na mbao za mvule alizozificha kwa ajili ya kitanda chake cha uzeeni. Akazitoa, akazipangusa, akajipa moyo kwamba uzee bado. Ila stendi haijengwi kwa kukisia. Ule mdomo wa chuma wa juu lazima umwelekee msikilizaji sikioni. Ukiwa chini mno, sauti nyembamba zinaishia magotini, na magoti ya Mama Pacha yalikuwa na shida zake tayari. Basi alirudi nyumbani na futi kamba, penseli juu ya sikio.

"Kaa kwenye kiti chako kama unavyokaa siku zote," alimwambia mkewe. "Usijinyooshe kama unapigwa picha."

"Nimekaa."

Akapima kutoka sakafuni hadi kwenye tundu la sikio: sentimita themanini na tano. Akaandika kiganjani, maana karatasi humpotea. Akapima kutoka sakafuni hadi katikati ya mdomo wa spika, pamoja na kreti yake: themanini na tano. Akaenda spika ya pili. Themanini na tano.

Akamtazama mkewe. Mkewe alikuwa anatazama dirishani.

Wazo lake la kwanza lilikuwa la kifundi na la kijinga. Kumbe kreti zinatosha! Stendi za nini tena? Alikuwa ameshafungua mdomo aseme hivyo, na kama angesema, ningekuwa nakusimulia habari nyingine, yenye sahani zilizovunjika. Kiu ikamwokoa. Akaenda jikoni kunywa maji, na mlangoni akakipiga teke, kama afanyavyo kila siku, kile kipande cha mti kinachozuia mlango usijifunge. Siku zote kilisogea tu. Leo kikapinduka.

Upande wa chini kulikuwa na namba tatu, imeandikwa kwa penseli ya seremala, mkia wake umepinda kushoto. Hakuna mtu mwingine mtaani anayeiandika tatu hivyo.

Akakiokota. Hakuhitaji futi kamba, mkono wake ulijua: sentimita ishirini alizokata kwenye mguu wa kiti. Akafungua bomba, akaweka kikombe, kikajaa, kikafurika, yeye bado anakitazama kile kipande. Themanini na tano, ongeza ishirini. Mia moja na tano. Hapo ndipo sikio la Mama Pacha lingekuwa kama angekaa kwenye kiti cha binadamu.

Kumbe. Miaka yote alidhani alimkatia kiti ili nyayo zake zifike chini. Hakuwahi kuuliza. Mama Pacha alipoona stendi haziji hakugomba, alizifuata spika kule chini zilikokuwa. Alimletea mumewe kiti, na mumewe akamshusha kwa mkono wake mwenyewe, kabla chai haijapoa, kisha akajisifia msumeno huo kwa miaka ishirini na sita. Baba Pacha aliona aibu. Aliona aibu mpaka akafunga bomba taratibu, kama mgeni kwenye nyumba ya watu.

Akarudi sebuleni na kipande mkononi. "Vingine vitatu viko wapi?"

"Chini ya kabati la nguo, nimevifunga kitambaa."

"Mbona hukuniambia, mke wangu?"

"Ningekwambia ungesema kesho." Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayetaja siku ya wiki. "Nikasema nivitunze, ipo siku vitatakiwa. Hicho nilikiweka mlangoni ili ukione."

"Na mimi nakipiga teke."

"Kila asubuhi. Nakusikia."

Siku nne hakupokea kazi ya mtu. Alianza na kiti. Alivirudisha vipande vinne kwenye miguu yake, namba kwa namba, ulimi ndani ya tundu, gundi, vibano, usiku kucha vikauke. Angeweza kupaka rangi maungio yasionekane, lakini hakutaka. Kovu la kazi yake aliliacha lionekane.

Kisha stendi. Miguu minne kwa kila moja, minene, imetanuka kidogo chini, mbao za kupingana katikati, urefu sentimita arobaini na tano, yaani kimo cha kreti na ishirini juu yake, msumari hata mmoja hakuna. Juu alibandika vipande vya raba ya tairi ili spika zisiteleze. Zilipokauka alipanda juu ya moja, akamwambia makanika apande ile ya pili, wakasimama pale nje ya karakana kama wagombea wawili waliokosa wapiga kura. Stendi hazikuguna.

Jumamosi alasiri spika zilipanda. Makanika alikunywa maji glasi mbili, akapokea shukrani, akaondoka akishika mgongo. Baba Pacha aliweka pima maji juu ya kila spika, akaingiza kipande cha raba chini ya mguu mmoja, akapima tena. Ndipo Mama Pacha alipoingia. Alipitisha kiganja juu ya mvule polepole, kama anayempangusa mtoto uso.

"Zimenyooka," alisema.

Akakikalia kiti chake. Akainuka, bila kushikwa. Akakaa tena, akainuka tena, akacheka. "Magoti yamekubali, Baba Pacha!"

Akaweka santuri. Baba Pacha alivuta ile stuli yenye kifuniko cha chupa, akakaa kando yake. Hakukumbuka lini mara ya mwisho alikaa kuusikiliza wimbo ule. Jioni zote alikuwa ama anakula ama anasinzia. Sasa besi lilimpiga kifuani, waimbaji wakawa kama wamesimama pale zulia linapoishia. Alijiona fundi hasa. Kisha bendi ikanyamaza.

Akangoja. Kimya. Akautazama mdomo wa chuma, akangoja tena. Kimya. Moyo ukamshuka: wameziua spika wakati wa kuzipandisha! Miaka yote hiyo zimekaa salama kwenye kreti, leo yeye kazinyanyua zimekufa. Akageuka kumwomba mkewe radhi.

Mama Pacha alikuwa amefumba macho. Machozi yalimshuka huku anatabasamu, na kidole chake kilikuwa kinagonga mkono wa kiti, kimoja kimoja, kwa mwendo uleule. Kiligonga mara ya sita. Mara ya saba.

Ndipo Baba Pacha alipoelewa. Miaka arobaini ya mashine ya randa. Daktari na swali lake. Mara tatu alizoitwa na mtu aliye hatua kumi kutoka alipo. Walikuwa wanayawahi masikio ya Mama Pacha, kumbe yake yalishaondoka zamani bila kuaga.

Bendi ikarudi. Mama Pacha akafumbua macho. "Umeisikia? Safi vile! Kama niko kibandani!"

Angeweza kusema ndiyo. Uongo mdogo wa nyumbani, wa aina aliyouzoea.

"Sijaisikia, mke wangu," alisema. "Hata mlio mmoja."

Mkewe akauchukua mkono wake, ule aliouandika themanini na tano siku ya kupima.

"Umechelewa tena," alisema kwa upole. "Dirisha limefungwa."

Baba Pacha akasogeza stuli karibu naye. "Nifungulie kidogo, dada."

Mama Pacha aliinuka mwenyewe, akaenda kwenye santuri, akarudisha sindano nyuma kidogo. Akarudi kukaa, akakifungua kiganja cha mumewe juu ya paja lake. Na bendi iliponyamaza, alimgonga kiganjani kwa kidole mara saba, bila kuruka hata moja.