Rangi ya Majani

Mpaka leo nikiona sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga ikang'aa, hupandwa na mori. Watu hunishangaa. Wao hawakupoteza wiki tatu wakihangaika na chuma kimoja kisicho na jina.

Miaka ile ya tisini nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Ndhiwa. Nilikuwa na pikapu kuukuu, na injini yake niliinunua kuukuu vilevile: bloku ya gari moja, silinda hedi ya gari jingine, hata haikujulikana ni injini ya aina gani. Mama mkwe wangu, Mkuria kutoka upande wa Migori, alikuwa amevunjika mguu. Plasta ilipotolewa, goti likabaki limekauka. Akaja kukaa kwetu, katika nyumba ndogo ya pembeni, ili kila Alhamisi nimpeleke hospitalini Homa Bay akafanyishwe mazoezi. Hakuweza kuketi kwenye matatu. Alilala nyuma ya pikapu, juu ya godoro. Daktari alituonya kwamba akikosa, goti halitakunjika tena.

Ndipo pikapu ikaanza kukohoa. Fundi aliifungua akatoa kamshafti, ile fimbo ya chuma yenye nundu zinazosukuma valvu. Nundu zilikuwa zimelika. Akanituma Homa Bay nikanunue nyingine ya aina ileile, ila akaniambia haoni namba popote. Mimi pia sikuiona. Nikaiacha ndani ya karai nje ya jikoni, imejaa oili nyeusi, nikaenda darasani.

Kumbe mama mkwe aliona aibu. Chuma cha mkwe wake kipelekwe kwa watu kikiwa kichafu vile? Akaketi chini, mguu ameunyoosha, akachukua mchanga, jivu na gunzi la mahindi, akakisugua asubuhi nzima. Niliporudi nilikikuta kinameremeta. Nilimtuma mke wangu ampelekee shukrani zangu, maana kwetu mwanamume hamkabili mama mkwe wake hivi hivi. Tena yeye hakujua Dholuo, lugha yangu, nami sikujua Kikuria chake. Kilichobaki ni Kiswahili, nacho kila neno lilipitia kwa mke wangu.

Muuza spea wa Homa Bay aliigeuza ile kamshafti mara mbili tu.

"Hii si orijino, mwalimu. Hizi hazikuwangi na namba, wanapakanga rangi hapa katikati. Grini ni ya injini kubwa, brauni ni ya ndogo. Sasa rangi iko wapi?"

"Kwani huwezi kupima?"

"Nipime nini na imekwisha hivi? Mtu ameosha hii."

Niliichukua kamshafti yangu nikatoka. Aliyeiosha hakuwa mtu wa kugombezwa. Nilirudi nyumbani nikimlaani fundi, muuzaji, na kiwanda kinachoacha bidhaa yake bila jina, kikaipaka rangi kama ukucha. Nikamtuma mke wangu akamuulize mama yake. Akarudi upesi.

"Anasema ilikuwa na mstari wa rangi ya majani. Ulimtoa jasho kweli."

Majani! Nani asiyejua majani? Nikaenda nikanunua ya grini.

Fundi akaifunga. Injini iliwaka, ikatetemeka, ikazima. Akarekebisha valvu, akabadilisha plagi, akafungua akafunga tena. Kilima cha kwanza kikatushinda. Alhamisi ya pili ikapita, kisha ya tatu, na mama mkwe yuko pale pale kwenye mkeka.

"Una uhakika ni grini, mwalimu?" fundi akaniuliza.

Nilimfokea. Nilimwambia mimi ndiye ninayefundisha watoto wa darasa la kwanza rangi, asinifundishe yeye. Nikaenda nyumbani nikamfokea na mke wangu.

"Nimekuletea maneno kama nilivyopewa," akanijibu. "Kama hayakutoshi, nenda mwenyewe."

Nilikwenda mwenyewe. Mama mkwe alikuwa mlangoni kwake akinywa chai ya saa nne. Nikatazama pembeni kama inavyotakiwa, nikamwomba anieleze ile rangi ilikuwaje hasa.

"Ya majani," akasema.

"Ya miti, Mama? Ya nyasi?"

Aliweka kikombe chini. Kisha akachukua kichujio kilichokuwa kwenye sahani, akanisogezea. Ndani mlikuwa na majani ya chai yaliyolowa.

"Majani, mwalimu. Haya. Nyasi ni nyasi."

Nilijisikia mjinga wa kutupwa. Neno hilo lilisemwa nyumbani kwangu kila siku: majani yamekwisha, kanunue majani. Sijawahi kumtuma mtu majani dukani akaniletea nyasi.

Ile ya brauni ilifungwa siku moja tu, na pikapu ikapanda vilima vyote mpaka Homa Bay. Daktari alilishika goti, akajaribu kulikunja, likafika nusu likagoma. Akasema sasa litabaki hapo. Kisha akauliza Alhamisi tatu zote tulikuwa wapi.

Nilifungua mdomo. Mama mkwe akaniwahi, bila kunitazama.

"Kosa ni langu," akasema. "Niliosha chuma cha mkwe wangu."

Mimi, niliyekuwa nimemfokea kila mtu kwa wiki tatu, nilisimama kando ya kitanda na kumwacha aseme hivyo.