Ujumbe Uliokwama Siku Nane

Saa mbili kasoro asubuhi, mwandishi wa programu za kompyuta yuko peke yake ofisini; wenzake hawajafika. Anafuta vumbi la kibodi kwa ukingo wa sweta, anaketi, kisha anaandika kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani: 37. Jana ilikuwa 41.

Hayo ndiyo makosa yanayosubiri kutokea, kama anavyoyaita, katika programu ya kumbukumbu za wagonjwa inayotumiwa na hospitali kumi na moja. Alipoanza kuyarekebisha yalikuwa 412. Ofisini wanamwita Bi Hakiki, na utani huo ameshauzoea.

"Kila mgonjwa ana kadi yake humu ndani, yenye vipengele: jina, umri, simu ya ndugu," ananieleza. "Zamani tukitaka simu ya ndugu, tuliandika jina la kipengele ndani ya alama za nukuu. Sasa, kilicho ndani ya nukuu kompyuta haikihoji. Ukiandika pumba, inameza tu."

Na kweli ilimeza. Miaka miwili iliyopita alibadilisha jina la kipengele hicho kwenye kadi, kwa nia njema kabisa ya kupanga mambo, akasahau nukuu moja katika sehemu inayowatumia ndugu ujumbe. Programu haikulalamika. Ilitafuta jina la zamani, haikuona kitu, ikaandika kwamba ujumbe umetumwa.

Siku ya kwanza ya kosa hilo, mama yake mzazi alilazwa katika mojawapo ya hospitali hizo, mwendo wa siku nzima kutoka hapa. Manesi walimwambia mama kwamba binti yake ameshaarifiwa. Skrini yao ilisema hivyo.

"Kila saa ya kutazama wagonjwa, mama aligeukia mlango," anasema. "Mjomba ndiye aliyenipigia, siku ya nane. Akaniuliza, 'Wewe, umekosana na mama yako?'"

Mama alipona. Binti alipofika kitandani alipokewa kwa upole: "Najua una kazi nyingi, mwanangu." Akamweleza habari za nukuu. Mama akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea udhuru.

"Afadhali angenigombeza," anasema, na kwa muda haangalii skrini. Majuto ni mjukuu, na huyu wake anamlea kila asubuhi.

Siku hizi haandiki jina ndani ya nukuu. Anaelekeza kwenye kipengele chenyewe, na lugha ya programu inahakikisha kwamba kipo na ni cha aina inayotakiwa. Namba ya simu ikiwekwa mahali pa tarehe, lugha hiyo inagoma. Anafuta herufi moja ili nione. Mstari mwekundu unatokea papo hapo.

"Umeona? Hii inanigombeza kabla mgonjwa hajaumia."

Mkuu wake hakuona haja. "Kinachofanya kazi usikiguse," alimwambia, kisha akamruhusu saa moja tu, kabla ya kazi za siku kuanza. Saa hiyo hajaikosa hata mara moja tangu mwaka jana.

Mchana anampigia mama yake, simu ikiwa mezani kwa sauti ya wazi.

"Umekula?" mama anauliza.

"Nimekula, mama. Kliniki ulienda?"

"Nilienda. Wametuandikisha upya."

"Ukatoa namba ya nani?"

"Ya jirani. Yuko karibu, na wewe una kazi zako."

"Haya, mama."

Simu inakatika. Anasema humwona mama yake yuko mbali hata wanapokuwa wanaongea, na hilo ndilo linalomuumiza zaidi.

Makosa 37 yakiisha, mwishoni mwa mwezi ujao, atachukua likizo aende nyumbani. Habari za nukuu hatazirudia.

"Nitamsindikiza kliniki, nikae naye kwenye benchi," anasema. "Wakimuuliza ndugu yake wa karibu ni nani, mimi nitanyamaza. Nataka aseme mwenyewe."